Futi, fundi na kibao cha mbuzi: nyumba kwa nyumba kutoka Marangu hadi Tanga

Jumatatu, Marangu

Tumeondoka Moshi mjini kukiwa bado na umande, mimi na fundi mbele, nyuma ya pikapu mbao, mfuko wa misumari, kiti mwendo kilichokunjwa na tairi za akiba. Tunakwenda kuwaangalia watu waliokwisharuhusiwa hospitali: uchagani, upareni, usambaani, mpaka pwani. Kazi yangu ni tiba kwa vitendo. Naangalia mtu anavyooga, anavyovaa, anavyopika, anavyofika chooni, kisha tunatafuta ni wapi nyumba ibadilishwe ili afanye mwenyewe. Watu huniita daktari na nimeshaacha kukanusha.

Nyumba ya kwanza ni ya kijana aliyeanguka na bodaboda. Uti wa mgongo umeumia, miguu haina nguvu wala hisia. Amerudi kwa wazazi, kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba. Baba yake alitupokea uwanjani akiwa na mchanga tayari, tripu nzima, na mifuko ya saruji imepangwa ukumbini. Ameshaambiwa na watu kwamba anatakiwa kujenga mteremko wa kiti mbele ya mlango mkubwa, na fundi mwashi ameshalipwa kianzio.

Nikatoa futi. Ngazi nne, kimo cha sentimita 62. Kanuni ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za kwenda mbele. Hapo ni mita saba na nusu kasoro kidogo, na uwanja una mita nne tu kabla ya migomba kuanza kushukia kwa jirani. Inawezekana kuukunja mteremko kona, lakini kwenye kona kiti kinahitaji mita moja na nusu ya kugeukia, na ukingo wa chini ungetaka ukuta wa mawe. Mzee akaanza kuhesabu mifuko ya saruji upya kwa macho.

Nikamwomba asubiri, tuingie ndani kwanza. Nilimwambia kijana anionyeshe asubuhi yake, tangu kuamka. Kusimuliwa hakunisaidii. Ukimwuliza mtu kama anaweza kutoka kitandani mwenyewe, atasema anaweza kwa kuwa hataki kuonekana mzigo, au atasema hawezi kwa kuwa mama yake amesimama hapo pembeni na ndiye anayemshika kila siku. Majibu yote mawili nimeyasikia, na mara nyingi yote mawili si kweli.

Kutoka kitandani aliweza, aliteleza tu. Kurudi ndipo kulipokuwa na kazi. Kitanda ni cha mbao, kile cha kizamani kirefu, na kimekizidi kiti kwa sentimita 14. Kila usiku mdogo wake humbeba. Mama alishapiga hatua kuja kumshika, nikamwomba abaki mlangoni, akabaki huku amejishika mdomo. Fundi alipindua kitanda, akapiga alama kwenye miguu minne, akakata kwa msumeno. Tukaweka ubao laini kati ya kiti na godoro. Mara ya kwanza kijana alikwama katikati. Mara ya pili alipita, akalala chali, akacheka peke yake.

Tulipomwomba atuonyeshe anavyokula, niliona kovu la mviringo juu ya paja. Sufuria ya maji ya moto, alikuwa ameipakata akiisogeza. Hakusikia chochote mpaka mama alipoona ngozi imebabuka. Kwa mtu asiye na hisia miguuni, jiko ni la hatari kuliko ngazi, na hakuna aliyewaambia. Tumemwachia sinia ya mbao yenye kingo na miguu mifupi inayokaa juu ya mikono ya kiti, isiguse mapaja. Nimemwonyesha pia jinsi ya kujiinua kwa mikono au kuegemea upande kila nusu saa, ili makalio yapate damu na asipate vidonda vya mgandamizo.

Halafu tukarudi kwenye mteremko. Nyumba za mlimani huchimbwa kwenye kilima: mbele imeinuka, nyuma iko karibu sawa na ardhi. Mlango wa nyuma, wa kuelekea jikoni, una ngazi moja ya sentimita 12. Mita moja na nusu ya saruji inatosha, na kutoka hapo kuna njia inayozunguka mpaka barabarani. Tatizo ni kwamba inapita kando ya banda la ng'ombe, na mvua ikinyesha ni tope la kufika kwenye kifundo.

Baba alikataa. Mtoto wake wa kwanza apite kwa ng'ombe, wageni waonane naye akitokea jikoni? Nilimwelewa, na sikuwa na hesabu ya kumjibu. Aliyemjibu ni kijana: "Mzee, wageni wangu watanikuta barabarani." Anataka kufungua kibanda cha kuchajia simu na kuuza vocha. Mchanga wote umeenda nyuma: mteremko mfupi, mtaro wa kukata maji ya bandani, na kokoto zilizoshindiliwa mpaka geti. Uliobaki utajenga sakafu ya choo.

Jumanne, Same

Joto. Mama mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, anatembea kwa magongo mawili. Karatasi niliyopewa inasema "hawezi kuchota maji", na ni kweli kwamba magongo yanachukua mikono yote. Nilikuta anachota. Amechukua begi la shule la mjukuu wake, anatia vidumu viwili vya lita tatu, analivaa mgongoni, anaenda bombani mara nyingi badala ya mara moja. Tulichoongeza ni mpira mpya kwenye ncha za magongo, maana wa zamani ulikuwa umeisha na chuma kinateleza kwenye saruji yenye maji. Dakika chache tu, tukaondoka. Ningependa wale wanaoandika karatasi wawe wanafika hadi bombani.

Jumatano, Soni

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona, na ukungu ulitupokea kabla ya Soni. Baridi ya huku huisahau mpaka uingie ndani yake.

Mtoto ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo. Mwili unakakamaa akishtuka au akifurahi, kichwa kinaenda nyuma. Mama yake ananilalamikia kifua: kila mwezi mtoto anakohoa, kila mwezi dawa. Nikamwomba amlishe kama kawaida. Alikaa kwenye kigoda, akamlaza mtoto chali mapajani, kichwa kikaning'inia nyuma, akaanza kumnywesha uji kwa kikombe. Mtoto alipaliwa kwenye funda la pili tu. Uji unakwenda njia ya hewa kwa sababu ya ule mkao. Hata mimi na wewe tukijaribu kumeza tukiwa tumelala na kuangalia dari, tutapaliwa.

Kwa mtoto huyu, nyumba inayohitaji kubadilishwa ni kiti. Fundi alitengeneza cha pembe, migongo miwili ya ubao inayokutana kama kona ya chumba, ili mabega yaje mbele; kizuizi kati ya mapaja, kimeza mbele. Magoti yakunje, nyonga zikunje, nyayo ziguse chini, kidevu kishuke kidogo. Hapo uji unapita. Mbao zikikosekana, kuna namna ya kutengeneza viti hivi kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka mpaka zinakuwa ngumu kama ubao. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe na umesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Mama alitaka cha karatasi ili afundishwe akitengeneze mwenyewe mtoto akikua. Tumemwachia cha mbao na tumefundishana cha karatasi. Maboksi anayapata bure dukani.

Nilimpima na mama pia, ingawa hakuna aliyeniomba. Anambeba mgongoni kushuka bondeni shambani na kupanda naye. Mtoto ataongezeka uzito, mgongo ni ule ule. Kwake nilichoweza kupendekeza ni kiti cha pili cha kubaki shambani chini ya mti, na hilo si jibu la kutosha.

Alhamisi, Korogwe

Mashamba ya mkonge pande zote mbili za barabara. Babu tuliyemfuata amepoteza macho kidogo kidogo kwa presha ya macho. Wanawe wamefunga kamba ya katani kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, imekazwa vizuri kwenye nguzo, kimo cha kiuno. Nimependa mafundo yake kuliko vyuma vingi nilivyoona kwenye majengo ya ofisi.

Ila babu haitumii. Anangoja mtu ampeleke, na mchana wote wako shambani, kwa hiyo ameacha kunywa maji asubuhi. Nilimwambia, "Babu, twende, mimi nipo nyuma yako." Alishika kamba, akatembea hatua kama kumi, akasimama, akainua mkono kulinda shingo. Hapo hapo kamba ya kuanikia nguo inakatiza njia, kimo cha koo. Ilimkaba mara mbili, ya pili akaanguka. Hakumwambia mtu, kwa kuwa kamba ni ya mkwe wake na hakutaka maneno.

Tumeihamishia upande wa mwembe. Mkwe mwenyewe ndiye aliyeifungua, bila neno. Babu alikwenda na kurudi, kisha akaomba apewe kikombe cha maji.

Ijumaa, Pangani

Tulilala Tanga na kuteremka Pangani asubuhi. Nyumba ni ile ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Bibi alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia. Anatembea kwa fimbo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, mbona mmekondeana hivyo." Binti yake mkubwa akaeleza haraka kwamba bibi hasumbuliwi na kitu, wamempumzisha.

Kuna fomu tunayoitumia kupima mtu anavyojitegemea, Barthel, iliyochapishwa Marekani mwaka 1965, ya mambo kumi: kula, kuoga, kuvaa, kufika chooni, kutembea, kupanda ngazi na kadhalika. Jumla ni 100. Bibi alipata alama nzuri tu, na kwenye kula alipata zote 10, maana anajilisha mwenyewe. Waliotunga fomu hiyo walionya tangu mwanzo kwamba mtu anaweza kupata 100 na bado asiweze kuishi peke yake, kwa kuwa hakuna swali la kupika wala la kutunza nyumba. Onyo hilo husahaulika.

Chakula cha mchana kikaja. Sinia likawekwa ukumbini, tukaitwa, tukanawa. Bibi hakuja. Nilipomwulizia, mjukuu akasema bibi hula chumbani. Pazia limeshushwa.

Nilikwenda nikakaa naye. Anakula kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala mapajani. Mtu aliyelelewa hapa akijua mkono wa kushoto ni wa chooni hawezi kuutia kwenye sinia la watu, hata kama watu wenyewe ni wanawe. Hajala na mtu tangu atoke hospitali. Alama 10 kati ya 10.

Mkono wa kulia nikaupima upya. Bega linapanda, kiwiko kinakunja, vidole ndivyo visivyoshika. Fundi alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, akatengeneza mkanda wa kuzunguka kiganja wenye mfuko mdogo, tukachomeka mpini wa kijiko. Mkono wa kushoto unasaidia chini ya kiwiko. Kijiko cha kwanza kilimwagika chote kwenye kanga. Alipofikisha cha nne mdomoni alifunga macho, sijui ni kwa ladha au kwa uchovu.

Baada ya hapo nikamwuliza swali la fomu nyingine, ya wataalamu wa Kanada, ninayoipenda zaidi kwa sababu orodha anaiandika mwenye mwili: ni kitu gani unataka kufanya na hukifanyi, na kina uzito gani kwako, moja mpaka kumi? "Kupika wali wangu. Huu wa kwao tui limekimbia." Uzito kumi. Wajukuu walicheka. Binti hakucheka.

Basi tukaukata wali vipande. Kuvunja nazi. Kukaa kwenye mbuzi. Kukuna. Kukamua. Kuvunja alikufuta mwenyewe: hiyo mjukuu atavunja, ndiyo kazi ya watoto. Sawa, si lazima mtu afanye kila kitu ili kiwe chake.

Kukaa kwenye kibao cha mbuzi aliweza, kushuka tu. Kuinuka hakuweza kabisa, kibao kiko chini mno, goti la kulia halisukumi. Fundi akatafuta benchi lenye kimo cha sentimita 45, akakaza kibao juu yake kwa boliti mbili, kisu kikatokeza mbele, bakuli likawekwa kwenye kigoda chini yake. Sasa anakaa kama kwenye kiti na anainuka kwa kushika nguzo ya jiko.

Kukuna kwa mkono mmoja kulitushinda mwanzoni. Nazi ilimponyoka ikabingirika mpaka kwa kuku, na meno ya mbuzi yalipita karibu na vidole vyake nikashtuka. Nikataka mkono wa kulia usaidie kugandamiza, nikaachana na wazo hilo: vidole visivyosikia visikae karibu na meno yale. Kilichosaidia ni kitambaa kibichi. Nusu ya nazi ikishikwa kwa kitambaa chenye maji haitelezi, na kushoto peke yake kunaizungusha taratibu. Inachukua muda mrefu. Binti alitazama saa, bibi akamwona akitazama, akaendelea.

Kwenye kukamua nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu chujio la plastiki na bakuli zito. Bibi hakungoja. Akamtuma mjukuu kwa jirani akaazime kifumbu, kile kifuko cha kusuka ambacho humu ndani hakijatumika miaka. Akatia machicha na maji ya uvuguvugu, akaning'iniza upande mmoja kwenye msumari wa nguzo, akashika upande wa pili kwa mkono wa kushoto, akasokota. Tui zito likashuka kwenye sufuria. Nimechora mchoro wake kwenye daftari langu, na nitawafundisha wengine.

Choo kikatuchukua sehemu ya mwisho ya siku. Ni cha kuchuchumaa. Wamemwekea kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, ambacho miguu yake hutanuka sakafu ikiwa na maji. Ni suala la lini, si kama. Kimebadilishwa kwa cha mbao kilichofungwa ukutani. Bomba la kushikia limewekwa upande wa kushoto anapokaa, kimo cha sentimita 85, na mlango umegeuzwa ufunguke nje, ili akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake.

Tulipokuwa tunapakia vifaa, binti alinifuata kwenye gari. Hana kinyongo, alisema, ila watu wa mtaa wataona mama yake anakuna nazi na wataongea kwamba amemwachia mgonjwa kazi. Nilirudi naye barazani, tukakaa na bibi wote watatu. Bibi alisema yeye ndiye atakayewajibu watu wa mtaa, na kwa jinsi alivyosema sikuwa na wasiwasi nao.

Jumamosi, Tanga mjini

Fundi cherehani, alipata polio utotoni, anatumia kiti mwendo ndani na baiskeli ya mkono barabarani. Cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono, meza ameitengeneza mwenyewe, sikuwa na la kuongeza. Shida ni mlango. Kiti kina upana wa sentimita 66, uwazi wa mlango ni 68, na vifundo vya vidole vyake vimechubuka pande zote mbili.

Anapanga. Kwa hiyo tuliyekuwa tunampima leo ni mwenye nyumba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ninayo kwenye simu, lakini huyu hakuwa mzee wa kusomewa sheria asubuhi asubuhi. Kuvunja ukuta hataki. Fedha hatuna: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo mbili ni za watu wenye ulemavu, ila mkopo ni wa biashara na mlango si biashara.

Mlango ule ukifunguka kwa ndani unabaki ndani ya fremu, unakula sentimita nne za uwazi kwa unene wake. Ukigeuzwa ufunguke kwenye korido na kulala kabisa ukutani, sentimita nne zinarudi. Mwenye nyumba aliwaza wapangaji wengine watakaojigonga usiku. Fundi cherehani akaahidi kuufunga kila akiingia. Wakakubaliana hivyo, kwa sharti kwamba akihama aurudishe ulivyokuwa, na kwamba mwenye nyumba ashonewe kanzu moja.

Bawaba tulizipata mtaa wa pili, saa nane mlango ulikuwa umegeuzwa. Alipita, akageuza kiti ndani, akapita tena bila kutazama mikono yake. Kanzu atapimwa Jumatatu.